Nasadiki na Twasadiki

Wakatoliki wa Afrika Mashariki huiita Kanuni ya Imani kwa neno lake la kwanza: Nasadiki. Kila Jumapili, mahubiri yakiisha, kanisa zima husimama na kuitamka kwa sauti moja, na ingawa waliosimama ni mamia, kila mmoja husema kana kwamba yuko peke yake. Maaskofu waliokutana Nisea mwaka 325 hawakuandika hivyo. Tamko lao la Kigiriki lilianza kwa wingi: twasadiki. Umoja ulizoeleka baadaye, Kanuni ya Imani ilipoingia katika ibada.

Naona kwamba viambishi hivyo viwili, na- na twa-, vinagusa jambo linalowasumbua Wakristo wengi bila wao kulitaja: mpaka kati ya fundisho la kanisa na imani binafsi ya muumini. Fundisho ni kile ambacho jumuiya imekijadili, ikakipima kwa Maandiko na kwa muda mrefu wa sala, kisha ikakubali kukifundisha kwa jina lake. Msimamo wa dhamiri ni kile ambacho mtu, kwa kusoma, kusali na kuishi, ameona kuwa kinamfunga yeye mbele za Mungu. La kwanza husema twasadiki, la pili husema nasadiki. Yote mawili ni imani, wala hakuna haja ya kulidharau lolote. Kosa huanza pale moja linaposemwa kwa kinywa cha jingine.

Mfikirie mama aliyefiwa na mtoto mchanga kabla ya ubatizo. Kwa karne nyingi wanateolojia Wakatoliki walieleza kwamba watoto wa namna hiyo huenda Limbo, mahali pasipo mateso lakini pasipo kumwona Mungu uso kwa uso. Maelezo hayo yalifundishwa sana, hata yakasikika kama sauti ya Kanisa lenyewe. Kumbe hayakuwahi kutangazwa kuwa fundisho rasmi. Katekisimu ya mwaka 1992, aya ya 1261, inawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia ilitoa waraka unaoeleza kwamba kuna sababu za kutumaini kuwa wanaokolewa. Rai ya wasomi, tena rai iliyofikiriwa kwa makini, ilikuwa imebebeshwa uzito usio wake, na uzito huo uliwaangukia kina mama makaburini. Aliyewaambia kwamba Kanisa ndivyo linavyofundisha huenda hakukusudia uongo. Lakini alitumia jina la wote kusema jambo ambalo wote hawakuwa wamelisema.

Kwa Waprotestanti wa kwetu mfano ulio karibu ni pombe. Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ulibadili maisha ya watu wengi. Walokole waliungama dhambi hadharani, wakarudisha mali za wizi, wakapatana na maadui zao, na wengi wao wakaiacha pombe moja kwa moja. Kwa mlevi aliyeokoka, kikombe kile kilikuwa kaburi lake, na kukikataa kulikuwa utii wa kweli. Hata hivyo Ungamo la Augsburg la Walutheri, la mwaka 1530, halina kifungu kinachokataza pombe, wala Ibara 39 za Waanglikana hazinacho. Ndugu aliyeacha ana haki ya kushuhudia alichotendewa, hata kwa machozi. Asiloweza kufanya ni kuugeuza ushuhuda wake kuwa mlango wa mbinguni kwa jirani yake. Paulo alilikabili jambo hili katika sura ya 14 ya Warumi, kuhusu nyama, divai na siku. Hakuwaambia watu wasiwe na msimamo, bali kila mtu athibitike katika akili yake, kisha asimhukumu mtumishi wa mwingine.

Mtu anaweza kuuliza: je, si dhamiri ya mtu mmoja iliyolisahihisha kanisa mara nyingi? Ni kweli. Mwaka 1521, mjini Worms, Luther alisimama mbele ya mfalme mkuu Karolo wa Tano akasema kwa nafsi yake mwenyewe kwamba dhamiri yake imefungwa na Neno la Mungu. Lakini miaka tisa baadaye, Augsburg, wakuu na miji waliwasilisha Ungamo lao wakieleza kile ambacho makanisa yao yanafundisha. Mimi ilikuwa imekuwa sisi, na katikati kulikuwa na miaka ya kubishana, kuandika na kupimana. Msimamo wa mtu unaweza kuwa mbegu ya fundisho, ila mbegu haiitwi mavuno siku ya kupandwa.

Upande wa pili nao una unyonge wake. Kuna anayejificha nyuma ya kanisa ili asiulizwe anaamini nini. Hukariri twasadiki maisha yake yote, na ndani yake nasadiki haijawahi kutamkwa. Kuna pia anayepanda mimbarani akafundisha shaka zake kuhusu ufufuo kana kwamba ndizo alizotumwa. Shaka zake zinaweza kuwa za kweli na zinastahili kusikilizwa, lakini waliomsikia walikuja kusikia kile ambacho wote wanakiri.

Ndiyo maana naheshimu mwalimu wa dini anayeweza kutua katikati ya maneno yake akasema: hili kanisa linafundisha, hili linalofuata ni langu. Hapunguziwi mamlaka kwa kusema hivyo. Mama aliyefiwa, akisikia kauli hiyo, anajua ni neno lipi analoweza kuliegemea na lipi analoweza kuliweka kando bila kuhofu kwamba amemkana Mungu. Jumapili inayofuata anaweza kusimama pamoja na wengine, mwenye huzuni bado, na kuitamka Nasadiki bila kulazimika kumeza neno lolote lisilokuwamo.