Hiari ya Mwendo

Elimu ina pande mbili zisizoachana: jambo linalofundishwa, na mwendo wa yule anayefundishwa. Upande wa kwanza hujadiliwa mchana na usiku. Watu hushindana juu ya somo lipi liongezwe na lipi liondolewe. Upande wa pili aghalabu hupuuzwa, kana kwamba wakati ni mali ya shule wala si mali ya mwanafunzi. Kengele hulia kwa wote. Mwepesi hungoja mpaka akachoshwa na kungoja, mzito huburutwa mpaka akakata tamaa, na siku ya mtihani wote wawili hupimwa kwa saa moja. Kwa sababu hiyo masomo ambayo mwanafunzi huyafuata kwa mwendo wake mwenyewe, akafungua kitabu apatapo nafasi na kukifunga achokapo, yaonekana kuwa haki iliyochelewa kufika. Lakini hakuna haki isiyozaa wajibu. Yafaa kuulizwa: mtu aliyepewa hiari ya mwendo adaiwa nini, na yule anayempa hiari hiyo adaiwa nini?

Wakazi wa Mwanza waweza kulielewa swali hili kwa kuyatazama maji yao. Kwa miaka mingi msafiri aliyetoka mjini kwenda Sengerema na Geita alifika Kigongo, akangoja kivuko kimpeleke Busisi. Tajiri na maskini, mgonjwa na mzima, wote walingoja pamoja na kuvuka pamoja. Mwezi Juni mwaka 2025 daraja la kilomita 3 lilifunguliwa juu ya ghuba ile, na tangu hapo kila mtu huvuka saa aitakayo. Hakuna mwenye akili atakayetamani kungoja kule kurudi. Hata hivyo kivuko kilikuwa na jambo moja ambalo daraja halina. Aliyekwisha kupanda hakuweza kuamua katikati ya maji kwamba amechoka, akageuka peke yake. Na aliyekuwa na shida alikuwa na wenzake ubavuni. Darajani mtu aweza kusimama, akarudi alikotoka, wala asijulikane. Darasa ni kivuko. Kujisomea ni daraja. Mwenye kulisifu daraja na akumbuke pia kuweka taa juu yake.

Jambo lenyewe si geni katika mwambao wa Ziwa Viktoria. Kuanzia mwaka 1968 Mwanza ilikuwa makao ya mradi wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na UNESCO, ambamo watu wazima wa mikoa ya Ziwa walijifunza kusoma na kuhesabu kwa vitabu vilivyonena habari za kazi zao wenyewe, kama kilimo cha pamba na uvuvi. Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Ukerewe ikawa miongoni mwa wilaya sita zilizopewa kazi ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma kabla ya mwaka 1971 kwisha. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 ilianzishwa elimu kwa njia ya posta, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikaundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Tena mwezi Novemba mwaka 2021 Serikali iliruhusu warudi shuleni wanafunzi waliokuwa wamekatiza masomo, wakiwamo wasichana waliopata ujauzito. Mlango, basi, umefunguliwa mara nyingi. Linalobaki ni kujua mtu hutembeaje akiisha kuingia.

Na afikiriwe mwanamke mmoja wa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba. Aliacha shule akiwa kidato cha pili. Sasa ana umri wa miaka 32 na watoto wawili, na riziki yake hutoka katika dagaa. Ataka kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na somo limtialo hofu kuliko yote ni hisabati. Hofu hiyo si yake peke yake: katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022 waliofaulu hisabati walikuwa takriban mmoja katika kila watano. Jioni, watoto wakiisha kulala, hufungua kitabu cha aljebra kilichoandikwa kwa Kiingereza, ilhali hesabu zake za shule ya msingi alizisoma kwa Kiswahili. Hivyo ana mizigo miwili kichwani, wa lugha na wa hesabu, wala hana wa kumtwisha.

Mtu huyu hawezi kufungwa na ratiba ya shule. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi hupumzika na biashara hupungua. Kwa hiyo wakati wake wa kusoma hufuata mwezi wa mbinguni, na hakuna mwalimu mkuu aliyepata kupanga vipindi vyake kwa kuutazama mwezi. Kumwambia aje kila siku saa 8 mchana ni kumwambia asije kabisa. Hapa hiari ya mwendo si anasa wala upendeleo. Ndiyo njia pekee ambayo elimu yaweza kupitia ili imfikie. Mwenye kumnyima, kwa kisingizio kwamba masomo ya kweli ni ya darasani tu, amemnyima elimu yenyewe.

Wala aljebra si nyumba ya watu wengine ambamo yeye huingia kwa kunyata. Katika karne ya 9 mwanachuoni wa Baghdad, Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliandika kitabu ambacho jina lake ndilo lililozaa neno aljebra. Katika utangulizi wake alieleza kwamba aliwakusudia watu wenye haja ya hesabu katika mirathi, wasia, ugawaji wa mali, mashauri na biashara. Basi elimu hii ilitungwa kwa ajili ya watu wa sokoni kabla ya kuwa adhabu ya watoto wa shule. Neno lenyewe, al-jabr, lina maana ya kukirudisha kilichopunguka mahali pake, na Waarabu walilitumia hata kwa kuunga mfupa uliovunjika. Neno jabari katika Kiswahili latoka katika mzizi huo huo. Masomo ya mwanamke wa Mwaloni yalivunjika. Anachofanya usiku ni kuyaunga. Na mfupa hauungwi kwa haraka, wala hauungiki kwa kufunikwa kitambaa.

Kufunika kitambaa ndicho kishawishi kikubwa cha asomaye peke yake. Nyuma ya kitabu pana majibu. Tuseme swali lasema hivi: mfanyabiashara alipata faida ya shilingi 3,000 kwa kila ndoo ya dagaa, akalipa nauli ya shilingi 12,000, akabakiwa na shilingi 30,000, je, aliuza ndoo ngapi? Ndoo zisizojulikana huitwa x, na mlinganyo huwa 3,000x − 12,000 = 30,000. Mwanafunzi aihamishe 12,000 upande wa pili, asahau kubadili alama yake, naye atapata 3,000x = 18,000, na x kuwa 6. Hufungua nyuma ya kitabu akakuta 14. Hapo, katika ukimya wa chumba, hukutana na njia mbili. Aweza kuifuta 6, akaandika 14, akaweka alama ya kupata, akaendelea na ukurasa wa pili. Au aweza kurudi nyuma, mstari kwa mstari, akitafuta mahali alipojikwaa. Hakuna amwonaye. Katika njia zote mbili daftari litaonyesha jibu moja.

Wapo watakaosema kwamba akichagua njia ya kwanza hakumdhulumu mtu; amejidanganya mwenyewe, na mtu ana ruhusa ya kuitumia mali yake apendavyo. Hoja hii ina sura nzuri, lakini haisimami. Ajidanganyaye hupoteza zaidi ya jibu moja: hupoteza kipimo kinachomwambia lini ajua na lini hajui. Leo kipimo hicho ni chake peke yake. Kesho atakuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama wanaokopeshana fedha, au muuguzi anayepima dawa ya mtoto kwa kadiri ya uzito wake, na watu watamtegemea aseme “sijui” pale asipojua. Aliyezoea kuandika 14 bila kuifikia hataweza kulisema neno hilo, maana amesahau ladha yake. Unyofu wa mtu peke yake chumbani ni amana ya watu wengine ambao bado hajakutana nao.

Lakini aljebra ina fadhila ambayo elimu nyingi hazina. Yaweza kumhoji mtu bila ya mwalimu. Aliyepata 6 hana haja ya kukimbilia majibu. Airudishe 6 katika mlinganyo, naye ataona kwamba 18,000 ukitoa 12,000 hubaki 6,000, wala si 30,000. Airudishe 14, naye ataona 42,000 ukitoa 12,000 hubaki 30,000 kamili. Mlinganyo ni shahidi asiyeonga wala kuhongwa. Ndiyo maana kujisomea aljebra ni shule ya tabia pia: humzoeza mtu kukubali hukumu isiyotoka katika kinywa cha mkubwa wala katika kicheko cha wenzake. Mwanamke yule akishika desturi ya kuhakiki kila jibu, atakuwa amepata mwalimu ndani ya kitabu, hata kama kitabu chenyewe ni cha lugha ngeni.

Deni la pili la mwenye hiari ni kutofautisha upole na ulegevu. Wahenga walisema kwamba haraka haraka haina baraka; walisema pia kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Methali hizi hazigombani. Ya kwanza yamhusu atembeaye, ya pili yamhusu akaaye. Mtu aliyetumia wiki 3 juu ya namba hasi, akirudi kila usiku penye giza lake, ni mpole. Mtu aliyeacha kitabu wiki 3 akisema kwamba mwendo ni wake ametumia jina la hiari kuificha hofu. Macho ya nje hayaoni tofauti, kwa kuwa wote wawili wamo katika ukurasa ule ule. Mwenyewe ndiye ajuaye, na kujua huko hakumwachi alale vizuri.

Hata hivyo si haki kuutupa mzigo wote juu ya mwanafunzi. Mwaka 1964, huko Brazili, mtaalamu wa saikolojia Fred Keller na wenzake walianzisha mpango wa masomo ambao kila mwanafunzi aliufuata kwa mwendo wake, wala hakuruhusiwa kuvuka hatua moja kabla ya kuimudu. Mpango huo ulienea katika vyuo vingi vya Marekani. Wengi walioumaliza walifaulu vizuri, lakini udhaifu wake ulijulikana mapema: waliachiwa mwendo, na baadhi yao wakaahirisha na kuahirisha mpaka wakapotea. Na Keller mwenyewe hakuwaacha wanafunzi na karatasi tupu. Aliweka wasaidizi, wanafunzi waliokwisha kufaulu somo lile lile, wakae na mwenzao, watazame kazi yake, wamweleze kosa liko wapi. Aliyewafungua watu kamba ya kengele hakuwanyima mtu wa kuwatazama.

Katika nchi ya Wasukuma jambo hili lajulikana tangu zamani. Katika ngoma ya bugobogobo majembe hurushwa na kushuka kwa mpigo wa ngoma, na asili yake ni kazi ya shamba iliyofanywa kwa umoja. Ngoma hailimi. Lakini aliyechoka huazima nguvu katika mlio wake, naye hufika mwisho wa tuta ambalo peke yake angeliacha katikati. Asomaye usiku Mwaloni hahitaji kupangiwa saa. Ahitaji kusikia kwamba ngoma ingali ikilia. Mtu mmoja amwulizaye kila mwezi, “Umefika wapi, mama?” kisha akangoja jibu, aweza kumfaa kuliko rundo la vitabu. Maana mlinganyo humwambia kwamba amekosa, lakini haumwambii kwamba kukosa si aibu. Hilo hunenwa na binadamu tu. Mficha uchi hazai, na mtu mzima huona haya kuufunua ujinga wake mbele ya wasiomjua. Atauonyesha kwa yule aliyemkuta amengoja bila kumcheka.

Basi madeni ni mawili. Mwanafunzi adaiwa unyofu: asivuke asipovuka, wala asikae akijiita mtembezi. Chuo, taasisi na jirani wadaiwa uangalizi: wasimpe mtu hiari kisha wakamsahau, wakafurahi kuhesabu waliojiandikisha bila kuwauliza walioishia njiani. Likilipwa la kwanza bila la pili, mtu mwema ataanguka kwa upweke. Likilipwa la pili bila la kwanza, wema wote wa chuo utaishia katika daftari lenye majibu sahihi na kichwa kitupu.

Mbalamwezi itakapowaka tena juu ya Ziwa na taa za wavuvi zikazimwa, mwanamke wa Mwaloni atafungua kitabu chake palepale alipokiacha. Pengine mwenye umri wa miaka 15 aliufunga ukurasa huo kwa siku 2. Yeye atakuwa nao kwa mwezi wa pili. Akihakiki jibu lake likasimama, 14 yake ni sawa na 14 ya mtu yeyote, wala hakuna mlinganyo uliopata kumwuliza mtu alichukua siku ngapi.