Angali Mbichi

Mgeni rasmi alisimama mbele ya wanafunzi waliopangwa mistari juani, akatugeukia walimu wa michezo, akasema, "Samaki mkunje angali mbichi! Hawa msiwaonee huruma." Makofi yakapigwa. Tangu siku hiyo methali hii imenikwama kooni kama mwiba, maana ndiyo kazi yangu: nafundisha soka watoto wa shule ya msingi, na wakishaingia sekondari huenda kuwatazama kwenye mashindano ya UMISSETA.

Wengi hulitamka "mkunje" kwa sauti, kisha "angali mbichi" wakayameza. Wanaonibishia husema maneno hayo ni ya kuhimiza tu: wahi, usichelewe, kama tusemavyo udongo uwahi ungali maji. Sikatai kwamba yanahimiza. Lakini anayekwambia uwahi sokoni amekwambia pia kwamba soko litafungwa. Neno "angali" linampa mkunjaji ruhusa, na papo hapo linamwekea mwisho wa ruhusa yenyewe. Kwa masikio yangu, anayeonywa hapa ni mwenye mkono.

Bibi yangu, kule Ifakara, alikuwa akikausha kambale wa mto Kilombero kwa moshi. Humshika kambale mbichi, akauleta mkia mpaka mdomoni, akachomeka kijiti, akamlaza juu ya uchanja. Hakukaza hata mshipa wa mkono; ubichi wa samaki ndio uliofanya kazi. Akishakauka, basi, hilo ndilo umbo lake. Ukitaka kumnyoosha anakatika mgongoni, na aliyekatika hana bei. Sasa mwalimu anayeshika fimbo ili mtoto wa miaka tisa ajue kutoa pasi, anakunja nini? Penye ubichi nguvu hazihitajiki, na penye ukavu hazisaidii.

Nimeyajua haya kwa kukosea. Mwaka mmoja nilikuwa pembeni mwa uwanja, chini ya mwembe, namtazama beki niliyemlea tangu darasa la tatu, sasa yuko kidato cha tatu. Mpinzani akanyanyua kichwa kutaka kupiga mpira mrefu. Mabeki wenzake wakapanda kwa pamoja kuweka mtego wa kuotea. Mimi, kwa mazoea ya miaka, nikapaza sauti: "Rudi!" Akarudi. Hatua tatu tu, lakini zilitosha kumhalalisha mshambuliaji, na mpira ukaingia wavuni. Kijana akashika kichwa, akamtazama kocha wake. Kwangu hakugeuka.

Mkunjo wangu ulikuwa bado umo mwilini mwake, na nilipouvuta, nilimkata. Hapo nikaelewa kwamba kumfundisha mtoto ni jambo moja, na kuendelea kumshika ni jingine kabisa. Wazazi wengi wa siku hizi hawajalielewa hili. Wanarekodi kwa simu mkono mmoja, wa pili unaelekeza, mtoto hajui amsikilize nani. Na sisi makocha wa chini tuna ugonjwa wetu: "Yule mimi ndiye niliyemtoa." Umemtoa wapi, ikiwa hujamwachia? Wapo pia wanaowapunguzia vijana miaka ili wacheze na watoto. Kijeba ni samaki mkavu aliyeandikiwa ubichi kwenye karatasi, na wanaomwandikia ni watu wazima, walezi, wengine wenye hiyo hiyo methali mdomoni. Wanamnyima mtoto mmoja nafasi yake, na huyo mkubwa wanamfundisha kwamba uongo ni sehemu ya mchezo. Mungu anawaona.

Baada ya mechi kijana alinijia, viatu mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Unisamehe. Lile goli ni langu."

Akainamisha macho, akachora mchanga kwa kidole cha mguu. "Siku hizi tunapanda, mwalimu," akasema taratibu. "Kocha ndivyo anavyotaka."

Kesho yake nilihama mwembeni, nikaenda kusimama nyuma ya kibendera cha kona ya mbali. Mpira mrefu mwingine ukapigwa. Neno lilinifika mpaka kwenye meno. Nikalishika. Kijana akanyoosha mkono kuwaongoza wenzake, wakapanda wote wanne mstari mmoja, na mwamuzi wa pembeni akainua kibendera.