Mgeni wa Jikoni



Mwezi wa Julai, huku kwetu Njoro mjini Moshi, baridi huingia hata mifupani. Nyinyi wa pwani mna kipupwe chenu, lakini kipupwe chenu ni raha: upepo wa kusi huvuma, mtu akajifunika shuka moja akalala vizuri. Huku mlima hujifunika mawingu tangu alfajiri, mara nyingine siku tatu au nne usiuone, na maji ya kutawadhia huwa kama yametoka kwenye theluji ya juu kule. Katika baridi ya namna hiyo ndipo lilipotokea jambo ninalotaka kukusimulia. Ni jambo dogo kulisikia, lakini lilinifunza maneno ambayo vitabu nilivyosomesha miaka mingi vilikuwa vikiniambia, nami sisikii.

Mtoto wa ndugu yangu anakaa Tanga. Ana mke, watoto wanne, na mama yake mzee anakaa naye. Mwaka mmoja alidunduliza fedha kidogo kidogo, akamwomba dada yake aje kuwatazama watoto na mama, kisha akamchukua mkewe wakaja huku kupumzika siku tatu. Walifika kwangu baada ya adhuhuri. Wakatuamkia, wakatuletea nazi na papa mkavu, tukala, tukazungumza. Nami nilikuwa nimekwisha kuamrisha chumba kitandikwe. Ilipokwisha sala ya alasiri, kijana akaniambia kwa adabu, "Ami, tunaomba ruhusa. Sisi tutalala Marangu. Tumekwisha kulipia chumba."

Niliona kama nimepigwa kofi. Nikamwambia, "Una ami yako Njoro, nawe wenda kulala nyumba ya kulipia? Haya ni mambo ya Wazungu, na fedha hizo ni israfu." Kijana hakujibu. Mkewe akainamisha uso. Wakaaga, wakaondoka.

Ndugu msomaji, huenda wewe pia ungesema kama nilivyosema. Basi hebu tuyapime maneno yangu, moja moja, kwa mizani ya dini yetu na si kwa mizani ya hasira.

Neno la kwanza lilikuwa la undugu. Hapana shaka kumkirimu mgeni ni katika imani, na watu wa pwani wanajulikana kwa jambo hilo tangu zamani. Ibn Battuta alipofika pwani ya Afrika ya Mashariki mwaka 1331, aliandika kuwa huko Mogadishu vijana huiendea merikebu kwa vidau, na kila mmoja humchukua mfanya biashara akawa mgeni wake, wala mgeni hatafuti mahali pa kulala. Hiyo ndiyo asili yetu. Mtu kulala hotelini katika mji wenye jamaa zake ni kama kusema kuwa jamaa hawapo.

Lakini tazama vile vile adabu aliyotufunza Mtume (s.a.w.). Ameweka haki ya mgeni kuwa ni siku tatu, na yanayozidi hapo ni sadaka; kisha akamkataza mgeni asikae hata akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Basi ukarimu una pande mbili. Mwenyeji ana wajibu wa kufungua mlango, na mgeni ana wajibu wa kuitazama hali ya mwenyeji. Kijana yule alitimiza upande wake. Na jambo moja sikulitambua mpaka usiku ule nilipolala. Anayetoka Tanga kuja huku hufika Himo kwanza, na Himo ndipo inapochepuka njia ya kupandia Marangu. Wao waliiacha njia yao, wakaja mpaka Moshi mwendo wa kilomita zaidi ya 20, ili watuamkie tu, kisha wakarudi Himo. Mimi nilihesabu usiku ambao hawakulala kwangu. Sikuihesabu njia waliyoirudia kwa ajili yangu.

Neno la pili lilikuwa kwamba kupumzika milimani ni mambo ya Wazungu. Neno hili lina chanzo chake, wala si uwongo mtupu. Wajerumani walipotawala, walikuwa wakikimbia joto la pwani wakapanda Usambara, Lushoto, ambayo waliiita Wilhelmstal. Reli waliyoianza Tanga mwaka 1893 iliendelea mpaka ikafika Moshi, na walowezi wakapewa mashamba katika miteremko ya mlima. Huko Marangu iko nyumba ya wageni iliyokuwa kwanza nyumba ya shamba la kahawa, nayo ikaanza kupokea wageni katika miaka ya 1930. Katika nyumba za namna hiyo zama za ukoloni, mtu mweusi aliingia kwa mlango wa jikoni. Yeye ndiye aliyekata kuni, aliyechemsha maji, aliyewasha moto ili mwingine aote. Basi si ajabu wazee wetu wakaona kuwa kupumzika ni kazi ya mtawala, na kazi yetu ni kupumzisha.

Lakini kosa liko wapi? Kosa lilikuwa kumnyima mwenye nchi ardhi yake na heshima yake. Kukaa mahali pa baridi na mkeo, ukaota moto na kuzungumza, si kosa wala hakukuvumbuliwa na Mzungu. Watu wa Makka wenye uwezo walikuwa wakipanda Taif kukimbia joto. Wazee wetu wa Unguja na Mombasa walikuwa wakitoka mjini wakenda shamba na watu wao, wakakaa siku kadhaa chini ya miembe. Na Mtume wetu (s.a.w.) alipotaka kusafiri alikuwa akipiga kura baina ya wakeze, na aliyetokewa na kura alikwenda naye. Akiwa safarini aliwatanguliza watu mbele, akashindana mbio na Bibi Aisha (r.a.), mara ya kwanza bibi akamshinda, na safari nyingine baadaye yeye akamshinda, akamkumbusha kwa mzaha kuwa sasa wamekuwa sawa. Huyo ndiye kiongozi wa umma, mwenye mizigo kuliko sisi sote. Ikiwa yeye alipata wakati wa kucheka na mkewe jangwani, sisi ni nani hata tuone haya?

Neno la tatu lilikuwa israfu. Hili ndilo zito, kwa sababu Qur'ani imewasifu waja wa Mwenyezi Mungu kuwa wanapotoa hawafanyi fujo wala hawafanyi ubahili, bali hushika njia ya katikati. Tulitazame basi kwa insafu. Kijana hakukopa. Mama yake hakumwacha peke yake, wala watoto hakuwatupa. Deni la mtu halikuwa mlangoni pake. Alichokitumia kwa siku tatu, ndugu msomaji, wengi wetu hukitumia katika karamu moja ya harusi ili watu waseme kuwa harusi ya fulani ilifana. Hiyo hatuiiti israfu, kwa sababu wanaokula ni wengi na sifa huturudia. Fedha aliyoitumia mtu kumpumzisha mkewe, bila ya mtu kuona wala kusifu, hiyo ndiyo tunayoiona imepotea. Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa mbora wetu ni aliye mbora kwa watu wa nyumbani kwake. Hakusema aliye mbora kwa karamu.

Nilikuwa nimefika hapo katika kujihesabu, nikidhani nimekwisha kuelewa. Kumbe bado. Siku waliposhuka Marangu walipita tena kwetu kuaga, na yule binti akaingia ndani kwa mke wangu. Usiku, baada ya wageni kuondoka, nikamwuliza mke wangu, "Haya, bibi amesema nini? Nyumba yetu ina upungufu gani?"

Akaniambia, "Nyumba haina upungufu. Amesema anaipenda mno. Lakini angelala hapa, angeamka na mimi alfajiri akakuna nazi, akapepeta mchele, akaosha vyombo, kwa kuwa ni mke wa nyumba na hawezi kukaa kitako mimi nikifanya kazi. Nyinyi wawili mngekaa barazani na kahawa yenu. Mumewe angekuwa mgeni. Yeye angebadilisha jiko tu."

Nikanyamaza. Kisha akasema polepole, bila hasira, na laiti angekuwa na hasira ingekuwa nafuu kwangu: "Na mimi, tangu umenioa, nimekuwa mgeni siku gani?"

Nilitafuta jibu nisilione. Tulikwenda Tanga kwenye mazishi, alipika. Tulikwenda Mombasa kwenye harusi, alipika. Tulikwenda Pangani kuzuru jamaa. Nilikaa msikitini na wanavyuoni, yeye akasaga viungo. Kila safari niliyoiita mapumziko yetu, yalikuwa mapumziko yangu.

Lililonichoma zaidi ni hili. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, wanavyuoni wametuambia wazi kuwa kupika na kufua na kufagia si wajibu uliomlazimu mke kwa mkataba wa ndoa. Afanyapo hayo ni ihsani yake na wema wake. Masala haya nimeyasomesha darasani mara nisizoweza kuzihesabu. Wanafunzi walikuwa wakicheka, nami nikicheka nao, kisha nikarudi nyumbani nikakuta chakula kimefunikwa kawa, nikala, wala sikumwambia aliyekipika ahsante. Ilimu niliyokuwa nayo ilikuwa ya ulimi. Na Bibi Aisha alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kuwa alikuwa katika kuwatumikia watu wake, na ulipoingia wakati wa sala alitoka kwenda kusali. Hadithi hii nayo naihifadhi.

Itazame sharia ilivyo na huruma. Msafiri hupunguza sala ya rakaa nne akasali mbili, na akitaka hukusanya adhuhuri na alasiri. Anayevaa khofu za ngozi, akiwa mjini kwake hupakaza maji juu yake siku moja na usiku wake, na akiwa safarini siku tatu na masiku yake. Mwenyezi Mungu Mwenyewe amemwangalia mja wake aliyechoka, akampunguzia haki Yake. Basi vipi sisi, tulio waja, tusipunguze hata chembe katika tunayoyadai kwa wake zetu, na mengi yake hatuna haki ya kuyadai?

Sasa, ndugu msomaji, usinielewe vibaya. Sikuambii kila mtu apande Marangu. Wengi hawana uwezo, na mwenye deni amtangulize anayemdai. Na anayekwenda ana mambo ya kuyachunga. Asiende kwa ajili ya kujionyesha, akarudi akawaumiza jirani kwa masimulizi. Asikae katika meza inayopitishwa pombe. Atafute nyumba inayomhifadhia dini yake, au aombe chakula chake mahali pa peke yake. Asiwaache wazee na watoto bila ya mtu wa kuwatazama. Wala asimsahau anayemhudumia. Yule mama anayepanda na mzigo wa kuni kichwani ili usiku uote moto, naye ana mgongo, naye ana nyumba. Ukimpumzisha mkeo kwa kumwonea mke wa mwenzio hujafanya kitu. Umehamisha uchovu tu. Msemeshe kwa upole, umwamkie kwa heshima, na ukiweza kumwongezea, mwongezee.

Ama asiye na nauli, huyo pia hana udhuru. Mapumziko si mlima. Qur'ani imetueleza kuwa wake zetu wameumbwa ili tupate utulivu kwao, na imetia baina yetu mapenzi na huruma. Huruma haielekei upande mmoja. Ikiwa mimi natulia kwake, naye atulie kwa nani? Siku moja katika wiki mwambie akae barazani, uwashe jiko wewe. Uji wako utaungua, kama wangu ulivyoungua. Watoto watacheka. Waache wacheke, watakuwa wameona sunna kwa macho, na hilo lawafaa kuliko darasa la mwezi mzima.

Nilimwandikia kijana yule nikamtaka radhi yeye na mkewe. Nikamwambia kuwa nyumba yangu ni yake, na kuwa safari nyingine wakitaka kulala Marangu wapite tu kunywa kahawa, na kahawa hiyo nitaichemsha mimi. Alinijibu kwa adabu yake ile ile, kana kwamba sikumkosea kitu.

Na mke wangu nilimwuliza angependa kwenda wapi. Nilidhani atataja mbali. Akafikiri kidogo, akasema, "Popote, maadamu mtu mwingine ndiye atakayeniuliza kama nimekunywa chai."

Basi ewe msomaji, leo kabla hujalala, muulize wa nyumbani kwako neno hilo. Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie ilimu inayoshuka kutoka ulimini ikafika mikononi, na azifanye nyumba zetu kuwa mahali pa utulivu kwa wote waliomo ndani yake. Amin.

Wallahu aalam.