Kibandiko Chini ya Kanga

Msimu wa mpunga, familia nyingi za Mbuchi na vijiji vingine vya delta ya Rufiji huhamia shamba, zikalala dunguni na kuamia ndege mpaka mavuno. Kwa mwanamke anayepanga uzazi, hapo ndipo hesabu huwa ngumu. Sindano ya miezi 3 humtaka arudi zahanati kwa tarehe yake. Mtumbwi nao humtaka asubiri maji.

Kipo kibandiko cha homoni, ambacho huku kwetu bado ni kigeni, ingawa Marekani kiliidhinishwa tangu 2001. Mwanamke hukibandika mwenyewe takoni, tumboni, mgongoni au juu mkononi, akakibadilisha kila siku 7 kwa wiki 3. Wiki ya nne hupumzika, hedhi ikaja. Kimetengenezwa kistahimili jasho na kuoga, na vya mwezi mzima vinaenea kwenye mkoba wa kwendea shamba.

Ila kinaonekana. Sindano haiachi alama, na wako wanaoipendea hilo hasa. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 31 ya wanawake walio kwenye ndoa wanatumia njia za kisasa; nawaza ni wangapi kati yao ambao waume zao hawajui.

Wazee wa pwani walijua kupishanisha watoto kabla ya kliniki. Mama aliyeshika mimba huku ananyonyesha aliambiwa kambemenda mwanawe, na mume aliyeshindwa kuvumilia hadi mtoto aache ziwa hakusalimika na aibu hiyo. Wengine walifunga kiunoni pigi, hirizi ya kuzuia mimba. Sitetei pigi, wala sidai uvumilivu ule haukuwa na nyumba ndogo pembeni. Lakini lilikuwa jambo la wawili. (Kibandiko chenyewe, kwa sababu ya estrojeni yake, hakimfai anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi 6, huyo atafutiwe njia nyingine.)

Leo jambo hilo limebaki kwa mmoja, tena kwa kujificha. Anayechoma sindano kwa siri simlaumu. Ana mume anayeuita uzazi wa mpango uhuni, ana mama mkwe anayemhesabia miezi. Siri yake ni ya kujihifadhi, na nyumba iliyomfikisha hapo ndiyo ya kuulizwa.

Dini nayo husingiziwa. Masahaba wanasimuliwa kuwa walifanya azili, yaani kumwaga nje, zama za Mtume wala hawakukatazwa. Wanazuoni wengi wakaweka sharti: mume asifanye bila idhini ya mkewe. Madhehebu ya Shafi, yetu sisi wa pwani, yalilegeza hapo, lakini sharti lenyewe linanigusa. Aliyetakiwa kuomba ruhusa alikuwa mwanamume. Sisi tumeligeuza, tukamwachia mke aombe au afiche. Mume aliyelelewa kwa sharti lile, akikiona kibandiko chini ya kanga, angeuliza tu siku ya kukibadilisha ni lini.