Adabu na Ukweli

Mgeni afikaye Karagwe au Kyerwa, kule mpakani mwa Uganda na Rwanda, huona mapema adabu ya wenyeji. Mtoto hupiga magoti amwamkiapo mzee, wala mtu hataji shida iliyomleta kabla ya kuuliza habari za nyumbani na za shamba. Sifa hii si ya jana. Mwaka 1861 Mwingereza John Speke alipofika Karagwe, Mfalme Rumanyika alimpokea kwa ukarimu ambao msafiri huyo aliusifu baadaye katika kitabu chake.

Lakini si watu wote waliofunzwa hivyo. Wapo waliohamia huko kutoka mikoa mingine, nao wamezoea kusema neno kama lilivyo. Hata katika Kiswahili chetu, Mtanzania husema hotelini "naomba chai", na jirani yetu Mkenya mara nyingi husema "nipe chai". Basi mmoja humwita mwenzake mkosa adabu, naye huitwa mnafiki.

Sisi twaona kwamba wote wawili wamehukumu upesi mno. Asemaye "nipe" hakukusudia kudharau, na azungukaye kwa maneno hakukusudia kudanganya. Kila mmoja asema kama alivyofunzwa na mama yake. Namna ya kusema ni desturi, nayo hutofautiana. Lisilotofautiana ni deni letu: kila jirani atudai heshima na ukweli, tukiwa Kayanga au Nairobi.

Hatari ni pale desturi inapotumiwa kukwepa deni hilo. Mkoani Kagera upo ununuzi wa kahawa uitwao butura, ambao Serikali imeukataza. Mnunuzi huja kahawa ingali mtini, humkuta mkulima ana shida ya karo au ya ugonjwa, humpa fedha kidogo, na mavuno huwa yake. Mnunuzi huyo hakosi adabu. Pengine husalimu vizuri kuliko wote. Baba huona haya kumkatalia. Mama, ajuaye hesabu ya nyumba, hunyamaza asije akaonekana kumpinga mumewe mbele ya mgeni. Jirani aliyeumizwa mwaka uliopita huona si vema kuingilia mambo ya watu. Wote wametunza adabu, na watoto wamepoteza riziki yao. Je, adabu hiyo imemheshimu nani?

Bwana wetu alitaka ndiyo yetu iwe ndiyo, na siyo yetu iwe siyo. Lakini ni Yeye pia aliyetuagiza kumwonya ndugu kwanza faraghani. Na Mtakatifu Paulo, aliyempinga Petro waziwazi kule Antiokia, ndiye aliyewafundisha Waefeso kuushika ukweli pamoja na upendo.

Basi mama na amwite mumewe kando kabla kahawa haijauzwa, amweleze yote bila kuficha; naye mume asiyahesabu maneno hayo kuwa utovu wa adabu. Jirani na aende jioni, asalimu kwa desturi yote, kisha aseme alilojia. Na yule aliyezoea kusema wazi akumbuke kwamba hata dawa njema hutapikwa ikimiminwa kinywani kwa nguvu.

Kupiga magoti ni kuzuri, nasi hatupendi desturi hiyo ife. Lakini mtoto aliyefundishwa kupiga magoti, yapasa afundishwe pia kusema kweli akiwa amepiga magoti.