Iulize Harufu Kabla Hujaifunika

Mwanangu, naona umenunua pafyumu nyingine. Ya zamani bado imebanwa kwenye tundu la kiyoyozi, mpya umeitundika kwenye kioo cha kati, na chini ya kiti kuna kopo jingine umelisukuma kwa mguu. Sikugombezi. Vijana wa kijiweni nimewaambia haya nitakayokwambia, wakaitikia "sawa, mzee," kesho yake wakaenda dukani kununua kopo la maua. Nimechoka kuyasema. Lakini wewe unabeba watu, na anayebeba watu ana deni kwao, kwa hiyo nitayasema tena, polepole, nawe univumilie.

Kwanza, pua yako si shahidi wa kuaminika. Mungu ameiumba pua izoee: harufu ikikaa nayo dakika chache, inaacha kuitangaza ili iwe tayari kwa kitu kipya. Ndiyo maana mtu anaweza kushinda kutwa ndani ya gari linalonuka vumba na akaapa kwamba halinuki. Abiria anaingia, anashusha kioo bila kusema neno, anashuka Mwenge, anakupa nyota mbili kwenye simu, nawe unasema abiria wa siku hizi wana maringo. Hana maringo. Ananusa kile ambacho wewe umekwisha kukizoea. Basi ukitaka ukweli, funga gari usiku, vioo vyote juu. Asubuhi, kabla hujajipulizia chochote, fungua mlango, ingiza kichwa, vuta pumzi. Hiyo pumzi ya kwanza ndiyo yenye habari, zinazofuata hazina. Au mwombe mama yako akae kiti cha nyuma. Yeye hatakuonea haya.

Hicho kimti cha karatasi ulichokitundika kwenye kioo kina asili yake. Kilibuniwa mwaka 1952 huko Watertown, jimbo la New York, na mkemia aitwaye Julius Sämann, na husimuliwa kwamba kilichomtia wazo ni dereva wa gari la maziwa aliyelalamikia harufu ya maziwa yaliyomwagika. Fikiri hapo. Kimti kilitengenezwa kushughulika na pua ya dereva. Maziwa yenyewe hakikuyagusa. Mimi ni mtu wa pwani, udi naupenda na nitaupenda mpaka nife, lakini mtu huoga kwanza ndipo akajifukiza. Gari lako hujaliogesha, unalifukiza tu, na manukato juu ya uvundo huzaa kitu cha tatu kibaya kuliko vyote viwili. Mjamzito akipanda humo atatapika. Mwenye pumu kifua kitambana, na huenda ni mtoto asiyejua kusema kwamba kinachomkera ni hilo kopo lako.

Sasa tuzungumze maji, maana katika mji wetu huu wa joto na unyevu, maji ndiyo chanzo cha mambo mengi unayoyaita "harufu ya gari kuukuu." Nyuma ya dashibodi kuna kitu kinaitwa evaporeta. Kiyoyozi kikiwaka, evaporeta inakuwa baridi, hewa yenye mvuke inapita juu yake, na ule mvuke unageuka matone, kama unavyoona kwenye chupa ya maji iliyotoka kwenye friji. Matone yale hukusanyika na kutoka kwa mpira mdogo unaopenya sakafu hadi chini ya gari. Hapa Dar es Salaam, ukiendesha na kiyoyozi kwa nusu saa kisha ukasimama, lazima uone maji yanadondoka chini. Usipoyaona, usifurahi kwamba gari ni kavu. Jiulize yameenda wapi. Mara nyingi mpira umezibwa na vumbi na majani, na maji yamerudi ndani, chini ya kapeti, upande wa miguu ya abiria wa mbele. Kapeti juu unaliona kavu kwa sababu kiatu na jua vimelikausha. Chini yake kuna sponji nene, nayo imelowa wiki nzima. Humo ukungu unazaliana, na hakuna pafyumu duniani itakayofika huko.

Dawa yake ni kazi ya mikono. Fungua viti, inua kapeti, itoe ile sponji, ianike juani mpaka ikauke kabisa, na kabla ya kurudisha, zibua mpira. Kisha nenda kwenye filta ya hewa ya ndani. Kwenye Toyota nyingi hizi ndogo mnazoendesha iko nyuma ya kile kisanduku kilicho mbele ya abiria, na huhitaji fundi kuitoa. Vijana wengi hawajui hata kwamba ipo. Nimeona zilizotolewa zikiwa nyeusi, zina manyoya, zina mabawa ya mende, na hewa yote anayovuta mtoto wa watu kwenye kiti cha nyuma imepita hapo. Ni spea ya bei ya kawaida, ibadilishe. Na uwe na desturi hii: unapokaribia nyumbani jioni, zima kitufe cha baridi ukiwa bado njiani, acha feni ipulize dakika chache. Ile evaporeta itakauka kabla ya gari kulala. Ikilala imelowa kila usiku, ile harufu ya soksi unayoisikia asubuhi unapowasha kiyoyozi ni haki yako.

Wakati tuko kwenye maji, nikwambie na la kununua. Magari yanayozamishwa na mafuriko pale Jangwani na kwingineko hayafi yote. Mengine yanaoshwa, yanapakwa mafuta ya kung'arisha, yanapuliziwa maua, na kuuzwa. Ukikuta gari la mtu linanukia kupita kiasi, uwe na shaka na hayo manukato. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, utazame kama una mstari wa tope. Pitisha mkono kwenye reli za kiti, chini, utafute kutu. Inua kapeti la buti pale tairi la akiba linapokaa. Muuzaji akikuzuia, mshukuru na uende zako. Na haya yaliyokuja na meli kutoka Japani, mengine yalikuwa ya wavutaji sigara. Lami ya sigara inakaa kwenye kitambaa cha dari, mahali ambapo waoshaji hawainui macho. Futa dari kwa kitambaa chenye sabuni laini, taratibu, usiiloweshe, maana gundi yake ikiachia dari itaning'inia.

Samaki na maziwa sitayakalia sana. Vikimwagika, usikimbilie maji ya moto. Moto unayagandisha maziwa ndani ya nyuzi za kiti. Tumia maji ya baridi, nyonya kwa taulo, rudia mara nyingi kuliko unavyodhani inatosha. Vumba la samaki linavunjwa na uchachu, kwa hiyo siki iliyotiwa maji au ndimu ina kazi ya kweli pale. Kisha nyunyiza baking soda, iache ilale usiku, asubuhi ifyonze. Ukichelewa siku mbili na jua hili letu, utakuwa umehama kutoka kufua hadi kufungua kiti chote.

Ila kuna jambo linaniuma kuhusu samaki. Nimesikia mnajisifu kwamba mama akitoka soko la Feri na ndoo yake ya samaki mnaifuta safari, mnamwacha barabarani. Yule mama ameamka saa tisa usiku. Anakulisha wewe na watoto wako. Ukimwacha pale juani kwa sababu ya kazi anayoifanya, hilo ni doa ambalo siki haitalitoa. Weka nailoni nene kwenye buti, na beseni lenye kingo, ndoo ikae humo, mama akae kitini kama abiria yeyote. Ukishamshusha, suuza beseni. Ni kazi ya dakika chache, na heshima ya mtu imebaki salama.

Sasa sikiliza kwa makini zaidi, kwa kuwa mpaka hapa tulikuwa tunazungumza uchafu. Kuna harufu ambazo hazihusiani na usafi hata kidogo. Hizo ni gari linakuita.

Ukisikia utamu kama sharubati iliyochemka, na kioo cha mbele kinapata ukungu wenye mafuta usiotoka kwa kufuta, kulanti, yaani maji ya kupozea injini, inavuja kwenye rejeta ndogo ya hita, ndani ya dashibodi. Ni sumu ile, na injini nayo inaishiwa maji bila wewe kuona tone chini. Ukisikia yai viza, anzia kwenye betri: huenda alteneta inaichaji kupita kiasi inachemka, na hewa inayotoka hapo inaweza kulipuka kwa cheche. Betri ikiwa salama, mwambie fundi atazame masega ya kusafisha moshi kwenye bomba la moshi. Mpira au plastiki inayoungua, simama, zima, toa watu. Waya zikianza kuungua hazingoji ufike. Petroli usiizoee kamwe. Wapo wanaosema "gari langu lina kaharufu ka petroli toka nilinunue," wanasema kama wanazungumzia rangi ya gari. Mpira wa mafuta umepasuka mahali, au kiunganishi kimelegea, na injini iko hapo karibu ikiwa ya moto.

Na ninyi mliofunga mitungi ya gesi asilia kwenye buti, mmefanya vizuri, mafuta ni ghali. Gesi ya Songo Songo inafika mji huu kwa bomba tangu mwaka 2004 na ni neema ya nchi. Lakini mnajua kwamba gesi hiyo kwa asili yake haina harufu? Ule uvundo unaousikia umetiwa makusudi. Mwaka 1937, katika mji wa New London huko Texas, Marekani, gesi ilivuja chini ya shule bila mtu yeyote kuinusa, kwa kuwa hakukuwa na cha kunusa. Ikalipuka. Walikufa karibu watu 300, wengi wao wanafunzi. Baada ya hapo sheria ikatungwa gesi itiwe kitu kinachonuka, na duniani kote watu wakafuata. Watoto wale ndio sababu gesi inanuka. Sasa wewe unachukua kopo la vanila unalipuliza ndani ya gari lenye mtungi, mchana kutwa, mpaka hakuna pua itakayotambua uvujaji ukianza. Nakuomba, mwanangu, kwenye gari la gesi usiweke pafyumu kabisa. Ukiisikia gesi, funga valvu ya mtungi, fungua milango, usiguse swichi wala kiberiti, na fundi atafute uvujaji kwa povu la sabuni. Ukibeba mtungi wa jikoni wa abiria, usimamishe wima na ushushe vioo. Gesi ya jikoni ni nzito kuliko hewa, ikivuja inakaa sakafuni.

Nimeacha moja, nayo ndiyo inayonikosesha usingizi. Katika moshi wa injini kuna kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Ikiingia kwenye damu inang'ang'ania mahali pa oksijeni kwa nguvu zaidi ya mara 200, na mwili unakosa pumzi huku kifua kikiendelea kupanda na kushuka. Mtu anasikia kichwa kizito, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi. Anadhani ni uchovu wa kazi. Inaingia kupitia bomba la moshi lililotoboka kwa kutu, kupitia matundu ya sakafu, kupitia mpira wa mlango wa nyuma uliokufa. Inaingia pia mnapofunga godoro nyuma na kuacha mlango wa buti umeinuliwa, kwa sababu gari likikimbia hewa ya nyuma inavutwa ndani. Harufu ya moshi wa kawaida ndiyo ishara pekee ambayo pua yako itapata kwamba mwenzake asiyenuka naye yumo, na hiyo ishara ndiyo mnayoizima kwa maua.

Kwa hiyo usilale ndani ya gari injini ikiwaka, hata kama joto la usiku linakutesa na safari inayofuata ni ya alfajiri. Usiwashe gari ndani ya gereji iliyofungwa. Usimlaze mtoto nyuma kwenye gari linalonuka moshi, hata kwa mwendo wa kutoka Kariakoo hadi Ilala. Na kichwa kikikuuma garini kisha kikapoa ukishuka, usimeze dawa ukaendelea. Zima, fungua vioo vyote, teremsha watu, na gari lisibebe mtu tena mpaka liinuliwe. Mwambie fundi afuate bomba la moshi kwa mkono na kwa tochi, kutoka kwenye injini hadi mkiani, kila kiungo, na akague mipira ya mlango wa nyuma. Akikujibu kwamba gari za zamani ndivyo zilivyo, mlipe alichofanya, kisha lipeleke kwa mwingine siku hiyohiyo.