Vidole Havilingani: Udhuru wa Mwenye Nacho na Jibu la Wimbo

Mwenye nacho akiulizwa kwa nini jirani yake hana, aghalabu hujibu kwa methali: vidole havilingani. Kauli hiyo ina nguvu kwa sababu ni kweli. Lakini hakuna kidole kilichorefuka kwa kumpunja mwenzake. Methali yaeleza tofauti za maumbile, naye aitumia kufunika tofauti zilizofanywa na watu.

Katika Unguja ya zamani udhuru huo uliitwa asili. Sheria ya mwaka 1897 iliondoa hadhi ya utumwa, lakini haikuondoa desturi ya kumpima mtu kwa jadi yake, na mashamba yalibaki mikononi mwa wenyewe wa zamani. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba mwaka 1880 na wazazi wa asili ya utumwa, hata jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Aliuza vyungu kabla ya kuja mjini kuimba. Alipopata sifa, watesi wake walimtungia maneno ya kumkumbusha alikotoka. Hakukana. Alijibu kwa wimbo kwamba sura na nasaba havimpi mtu ubora. Upungufu wa kweli ni wa akili.

Tuupime vema uzito wa jibu hilo. Wengi walijitafutia nasaba mpya (na nani angewalaumu?), yaani waliikubali mizani, wakaomba tu kupimwa upya. Siti aliikataa mizani yenyewe.

Wimbo wake mwingine, Kijiti, wahusu mauaji ya mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam. Mshukiwa alitoroka, na wanawake waliokwenda kutoa ushahidi ndio walioadhibiwa. Mahakama ya kikoloni ilikuwa na hoja zake. Wimbo haukubishana na vifungu vya sheria. Ulisimulia nani aliuawa, nani alikimbia na nani aliadhibiwa. Mambo hayo matatu yakiwekwa pamoja, hoja za mahakama zasimama wapi?

Wako watakaosema kwamba Siti aliimba pia katika majumba ya wakubwa, hata mbele ya Sultani, nao wakafurahi na kumtuza. Basi wimbo ulibadili nini? Swali hili si la kupuuzwa. Anayetuza wimbo aweza kurudi kwake akidhani kuusikia kumetosha, na utajiri wake usiguswe. Hata hivyo, wakubwa hawakuwa wasikilizaji pekee. Tangu mwaka 1928, Siti na wenzake waliporekodi nyimbo huko Bombay, sauti yake ilitoka katika santuri, ikawafikia hata wasiojua kusoma. Mchukuzi wa bandarini aliyeisikia hakupata shamba siku ile. Alimsikia binti wa watumwa akitaja hadharani, kwa Kiswahili chake yeye mchukuzi, mambo aliyozoea kuyanong'ona.